Mguu wa Waswabi

Mwembetanga, Unguja
3 Februari 2024

Mwanangu Hasna,

Nakusalimu salamu za mzazi, nikitumaini zinakukuta na afya, kazi isiyokuchosha kupita kiasi, na usingizi. Ukiniuliza mimi, ni mzima, ila masikio. Lile la kulia, lililokuwa limebaki, nalo limefunga. Bi Mwatima wa nyumba ya pili, anayenipikia, huniandikia maneno kwenye ubao mdogo wa skuli, nami humjibu kwa mdomo. Kwa hiyo simu yako ya Ijumaa haina tena faida kwangu, na maandishi ya kwenye kioo cha simu yananitoa machozi. Tuandikiane kwa karatasi. Yasir huenda Guangzhou na kurudi kama mtu aendaye sokoni, atatubebea. Bi Mwatima nimemwambia kwamba habari zangu nitakupa mwenyewe.

Sasa nikueleze lililonikalisha mezani leo. Jumuiya ya wasomaji imeniomba nitoe mhadhara mwezi wa Oktoba, nami nimechagua kuzungumza juu ya Waswabi. Jina lao unalijua tangu utotoni: ni watu wa kusini-magharibi ya Ujerumani, ambao niliishi kwao miaka ya masomo yangu, mjini Tübingen, katika nyumba ya mjane aitwaye Mama Walburga. Wajerumani wenzao wamewatungia hadithi nyingi za kuwafanya wajinga, na huwatania kwamba Mswabi haingiwi na akili mpaka atimize miaka arobaini. Hata hivyo, hao hao wanaochekwa ndio waliozijaza maktaba za nchi ile mashairi na falsafa. Nataka kuuliza ukumbini: kwa nini watu wanaoandika vizuri huchekwa wanapofungua midomo?

Mfano mmoja nimeshautayarisha. Mjerumani wa kaskazini akitaja mguu, neno lake *Fuß* huishia kwenye kifundo. Mswabi akilitaja neno hilo hilo, hupanda nalo mpaka nyonga, sawasawa na mguu wetu sisi. Siku Mama Walburga aliposema mguu unamuuma, naye ameshika paja, nilijihisi nimefika kwa watu wangu.

Shida yangu ni sauti. Kiziwi hajui kama anapiga kelele au ananong'ona. Bi Mwatima nimemjaribu, lakini ananihurumia; kila nikimuuliza hutikisa kichwa kwamba ni sawa. Wewe hukunihurumia hata ulipokuwa na miaka saba. Nataka uje ukae mstari wa mbele, unionyeshe kwa mkono nipandishe au niteremshe. Hilo tu.

Baba yako,
Abdulwakil


Guangzhou
9 Machi 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima na Ramadhani inatukuta salama, ingawa huku hakuna anayetukumbusha ila simu zetu. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kwenye lifti, nikashindwa kushuka ghorofa yangu.

Uliniuliza zamani siku yangu inavyokwenda, nikakujibu juu juu. Asubuhi nawapokea wateja kutoka Dar na nyumbani, nawapeleka Guangyuan Xilu kwenye yale majengo ya nguo, na tangu tunaingia mpaka tunatoka mimi ni mdomo wao. Mteja husema, "Dada, mwambie apunguze, mimi si mtalii." Mimi namwambia laoban, yaani tajiri wa duka. Laoban husema, "Meiyou," hakuna. Namwambia mteja, hakuna. Mteja husema, "Hakuna nini, mbona nguo naziona pale?" Namwambia, hakuna kwa bei yako. Basi siku nzima napitisha maneno ya watu wengine. Jioni nikifunga mlango wa chumba changu naona sina langu la kusema, na hata ningekuwa nalo hakuna wa kumwambia.

Oktoba nitakuja, inshallah. Mstari wa mbele ni wangu, usimpe mtu.

Swali langu: hao Waswabi wako walikaa kwao tu, au nao walitoka?

Mwanao,
Hasna


Mwembetanga
28 Aprili 2024

Hasna mwanangu,

Marahaba. Iddi tumeila kwa amani. Mimi sikusikia takbiri bali niliziona kwenye midomo ya watu, na hilo nalo nimeshukuru.

Umeuliza swali ambalo nimeliongezea kurasa nzima katika mhadhara. Walitoka, tena kwa maelfu. Zaidi ya karne mbili na nusu zilizopita, familia baada ya familia ziliteremka mto Danubi kwenda kulima nchi za Wahungari. Wengi walipandia mji wa Ulm, kwenye vyombo bapa vya mbao ambavyo watu walivikejeli kwa kuviita visanduku. Vyombo hivyo havikutengenezwa kurudi, Hasna. Vikifika mwisho wa safari vilivunjwa, na mbao zikauzwa. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikatoka nje kutembea.

Huko walikokwenda, waliyahifadhi maneno ya babu zao, huku kwao nyuma lugha ikisonga mbele bila ya wao. Baada ya vita kuu ya pili walifukuzwa, wakarudishwa Ujerumani. Ndugu zao waliwapokea kama wageni. Waliambiwa mnazungumza kama watu waliofufuka.

Mengine ni madogo. Nina kidonda mguuni, cha sukari. Kinafungwa kila siku mbili. Usikifikirie.

Baba yako


Guangzhou
15 Juni 2024

Baba,

Shikamoo, na Iddi ya kesho iwe ya heri. Mimi sijambo.

Kile kisanduku kinachovunjwa nimekielewa bila ya kuelezwa zaidi. Nimewasimulia wenzangu tulipokuwa tukifunga mizigo. Chebet, Mkenya ninayegawana naye ghala, alisema, "Hasna, huyo mzee wako anatusema sisi na visa zetu." Tukacheka, kisha kila mtu akashika kazi yake.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Wote waliopanda vile vyombo walikuwa Waswabi kweli? Huku mimi, Chebet na Wakongo wa ghorofa ya chini tuna jina moja tu, watu wa Afrika, na tumeanza kuitikia.

Nimempa Yasir soksi laini zisizobana, dawa ya kupaka na kipimo cha sukari cha kuchoma kidole. Kipimo kina maelezo ya Kichina; nimeyaandika kwa Kiswahili kwenye karatasi ya njano. Kibali changu cha kukaa kinakwisha Novemba. Wakala anasema nikitoka nje kabla ya kukifanya upya, huenda nikaanza maombi tangu mwanzo huko nyumbani, na hawezi kuniahidi jibu. Nalitafutia njia. Kidonda kikoje?

Mwanao,
Hasna


Mwembetanga
14 Agosti 2024

Mwanangu,

Natumai u mzima. Mguu wa kushoto wameuondoa, Jumatatu ya wiki iliyopita. Madaktari walikuwa wapole na waliniandikia kila kitu kwenye ubao. Nimesharudi nyumbani. Bi Mwatima analia zaidi yangu.

Mhadhara haukuahirishwa, nimekataa. Nataka kuusoma nimesimama, kwa sababu kwa Waswabi nilisoma nimesimama. Profesa alituambia kwamba mtu aliyekaa huyasomea magoti yake.

Swali lako: hapana, hawakuwa Waswabi wote. Walikuwamo watu wa kila pembe ya Ujerumani. Majirani wa huko ndio waliowaita wote Waswabi, na baada ya vizazi viwili wakawa.

Njoo, ukiweza.

Baba yako


Guangzhou
1 Septemba 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako kwa siku nyingi na kila nikianza kukujibu naandika orodha ya bidhaa. Nisamehe. Kwa nini hukumruhusu Bi Mwatima anipigie simu?

Nimefanya ninaloliweza. Mteja mmoja alinielekeza kwenye karakana ya viungo vya bandia, nami nikaenda kabla ya maduka kufunguliwa. Fundi alitaka vipimo. Nikamwambia, "Mzee yuko mbali, mpe mguu mzuri kabisa, asimame." Akaniuliza jambo moja, nikamjibu, akasema kama ni hivyo basi ni rahisi, wa tayari unatosha. Namba ya kiatu chako naijua. Nimekuchagulia ule ambao kisigino chake kinapinda kidogo ili usikurushe mbele. Umekwenda kwa ndege kutoka uwanja wa Baiyun, si kwa kontena, na Yasir ataupokea.

Oktoba, Baba, njia haijapatikana. Nikitoka sasa, wateja wote wa mwisho wa mwaka wataondoka na kibali kitaondoka. Utasimama juu ya mguu niliokuletea, na mimi nitakuwa nimekuwapo kwa namna hiyo. Mweke Bi Mwatima mstari wa mbele na umwambie asikuhurumie.

Mwanao,
Hasna


Mwembetanga
6 Oktoba 2024

Hasna mwanangu,

Salamu nyingi, na pongezi kwa kutimiza miaka arobaini mwezi uliopita. Kwa kipimo cha Waswabi akili yako ndiyo kwanza imewasili. Na Kitabu chetu nacho kinautaja umri huo kuwa ndio utimilifu wa mtu. Nimefurahi kuishi kuuona.

Sanduku limefika. Yasir alilifungua mbele yangu kwa adabu zote, akautoa ule mguu, akautazama, akanitazama mimi, kisha akatoka kwenda kutafuta maji ya kunywa ambayo hakuwa na kiu nayo. Ni kazi nzuri sana. Una vidole vitano, kisigino na kifundo. Bahati mbaya, mwanangu, mimi wameniondolea juu ya goti.

Usilie. Mimi nilicheka, nadhani kwa sauti kubwa, kwa kuwa paka aliruka dirishani. Umeniletea mguu wa Mjerumani wa kaskazini, na baba yako ni Mswabi.

Nimeuweka kabatini, kwenye rafu ya vitabu vya Kijerumani. Mhadhara ni tarehe ishirini na sita. Nitakaa kwenye kiti, na magoti yangu, au lile moja, litafaidika.

Baba yako


Guangzhou
17 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia sina hata nafasi ya kukuuliza hali, maana kila nikiuliza nitaona haya.

Fundi aliniuliza, "Jiao, au tui?" Jiao ni huku chini, kifundo na nyayo. Tui ni kuanzia hapo kwenda juu. Nimeishi hapa miaka mingi kiasi kwamba sikusita. Ulikuwa umeniandikia *mguu*, na kichwani mwangu mguu ulikwishageuka kuwa jiao. Na si kwamba sikuambiwa. Uliniandikia mwenyewe Februari kwamba wetu unafika nyonga, nami nikausoma kama mzaha wa Waswabi. Yasir, aliporudi, ndiye aliyenikalisha chini. Alitaka kunichekesha. "Dada," alisema, "ungesema tui, si angempelekea mzee nazi iliyokunwa?" Nilicheka. Kisha nikaingia kati ya marobota ya suruali za Xintang na kukaa huko mpaka Chebet akaja kunitafuta.

Nimemsimulia laobanniang, mama tajiri wa duka tunalochukulia nguo za watoto. Yeye ni mzaliwa wa hapa hapa. Alisikiliza mpaka mwisho akasema kwamba katika Kikantoni chao cha nyumbani, neno la mguu linapanda mpaka juu, kama letu. Ni lugha ya serikali ndiyo inayoukata. "Ungeniuliza kwa lugha yangu," alisema, "usingekosea." Sina lugha yake, Baba. Nimejifunza ile ya kununulia tu. Nimeishi kati ya Waswabi muda wote huu nami sikujua.

Tarehe ishirini na sita sitakuwapo. Nimelisema wazi mara moja ili nisikuandikie tena inshallah ya uongo. Nisomee polepole, hata kama sipo.

Mwanao,
Hasna


Mwembetanga
3 Novemba 2024

Mwanangu Hasna,

Nakusalimu kwa mapenzi yale yale. Afya yangu si mbaya. Kidonda cha mkato kimefunga vizuri.

Mhadhara umefanyika. Nikueleze kama ulivyokuwa, kwa sababu hakuna mwingine atakayekueleza bila ya kuupamba.

Ukumbi ulijaa. Walikuja wanafunzi wangu wa zamani, wengine na mvi. Niliwekwa kwenye kiti, nikasoma kuanzia utangulizi mpaka Danubi, nikaingia kwenye lugha, nikafika kwenye wale waliorudi wakaambiwa wamefufuka. Nilisoma muda wa saa nzima. Hakuna aliyetoka. Nyuso zote zilinielekea, zimetulia, na mimi nikajisemea moyoni kwamba sijapata kusikilizwa namna hii tangu nizaliwe. Walipiga makofi, niliyaona. Nililetewa maji.

Nyumbani Bi Mwatima alichukua ubao akaushika bila ya kuandika. Nikamwambia, "Andika, bibi." Akaandika: Hatukusikia, Mwalimu. Nikamuuliza wapi. Akaandika: Kote.

Ilikuwa ni kunong'ona, Hasna, tangu neno la kwanza. Mikrofoni ilikuwa mbali na kiti, kwa vile ilipangwa kwa mtu aliyesimama, na wale watu wema waliona aibu kumkatiza mzee aliyekatwa mguu. Wakakaa mpaka mwisho kwa heshima. Bi Mwatima naye, mstari wa mbele, alinitikisia kichwa kwamba ni sawa, akilia. Simlaumu, wala siwalaumu. Ningeliona haya kama ningelijua wakati ule. Sasa naona upweke tu, na huo nimeuzoea.

Jumuiya imeniomba niurudie. Nimewashukuru na nimekataa. Neno moja limebaki kwako, na ulipime kwa utulivu. Nilikuita kwa ajili ya mhadhara. Mhadhara umekwisha, na kwa hiyo ule wito umekwisha nao. Fanya kibali chako upya, tunza wateja wako. Usije kunionyesha sauti, usije kuniletea kitu, usije kwa kuwa umekosea neno. Ukija kwa lolote katika hayo, nitajua, nami nitakupokea vizuri mno, kama ndugu wa wale waliorudi walivyowapokea: kama mgeni.

Baba yako,
Abdulwakil


Guangzhou
24 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, na huku baridi imeanza kidogo. Watu wa hapa wameshavaa makoti mazito kwa hali ya hewa ambayo wateja wangu wangeitafutia feni.

Barua yako niliipeleka ghalani nikaisoma kwa sauti mbele ya Chebet na Yasir, katikati ya marobota, wakati dereva wa lori akisubiri sahihi. Sikuwaambia ni ya nani mpaka nilipomaliza. Yasir alisema, "Sasa amekufungia milango yote, dada. Utaingilia wapi?"

Nimelifikiria hilo. Kweli umeifunga yote. Kwa siku kadhaa nilitafuta sababu ambayo hukuitaja, kama mteja anavyotafuta kasoro kwenye nguo ili apunguziwe. Nilisema labda afya yako, lakini unasema kidonda kimefunga. Nilisema labda biashara, lakini biashara yangu iko huku. Nilifika mpaka kwa wakala, fomu za kibali zikiwa mkononi, na alipouliza kama naendelea au naondoka, nilitaka kumweleza ninakokwenda na kwa nini, kwa Kichina changu cha kununulia, nikakuta sina la kumweleza. Nikamrudishia fomu zake tupu. Chumba nimemwachia Chebet. Wateja nimemwachia Yasir, na laobanniang amenipa mkono mlangoni, jambo ambalo wao hawalifanyi.

Sababu sijaipata, Baba. Nakuja bila ya sababu, na mikono yangu haina kitu.

Barua hii simpi Yasir. Naitia posta, nayo posta ya huku hadi Unguja unaijua. Huenda nikafika kabla yake, na siku itakapoletwa tukawa tumekaa wote wawili barazani, na Bi Mwatima akakukabidhi bahasha yenye mwandiko wa mtu aliye pembeni yako. Ikiwa ni hivyo, isome kimya, uitie mfukoni, wala usiniulize nimekuja kufanya nini.

Na ikiwa imefika peke yake, basi iweke mezani, ukae nayo. Mimi niko njiani.

Mwanao,
Hasna